Bando Linaisha, Kasi Inashuka: Mtoa Huduma Anahesabu au Anachungulia?

Bando la wiki linakata siku ya tatu, na jibu la mtaani ni lile lile: wanatuibia. Siku hizi limeongezeka jibu la pili: wanatuchungulia. Yote mawili yanawezekana, lakini ni tuhuma mbili tofauti. Kila moja ina dalili zake, na ushahidi wa moja hausaidii kitu kwenye nyingine. Ukimpigia mtoa huduma ukayachanganya, utapewa pole na namba ya tiketi, basi.

Kuhesabu ni kazi ambayo hakuna mtandao wa kulipia unaoweza kuikwepa. Ukiunganishwa tu, mitambo huandika laini ipi, anwani gani ya IP (namba inayokutambulisha kwenye intaneti), kuanzia saa ngapi, baiti ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Kwenye huduma nyingi za faiba kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu unaoitwa RADIUS, wa tangu miaka ya 1990. Mita ya umeme ya LUKU inajua umetumia uniti ngapi, haijui umepika nini. Kuchungulia ni kujua data yako ni ya programu gani na inakwenda kwa nani, kisha kufanya jambo kwa kutumia habari hiyo. Mitambo yake ni mingine, na maswali yake ni mengine.

Bando linaisha kabla ya siku zake

Hapa mara nyingi mlaji yuko ndani ya nyumba. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye matumizi ya data, na ubadilishe tarehe ya kuanza mzunguko iwe siku uliyonunua kifurushi. Wengi huruka hatua hii. Wanasoma hesabu ya mwezi mzima ilhali kifurushi ni cha siku saba, kisha wanashangaa.

Orodha itajipanga kuanzia mlaji mkubwa. WhatsApp ikiwa juu kuliko ulivyotegemea, angalia makundi: video za harusi, za misiba na za vikoba hujipakua zenyewe mpaka uzime upakuaji wa moja kwa moja. Nakala za usiku na picha zinazopanda Google Photos nazo ni data, na mtoa huduma hujumlisha inayopanda na inayoshuka. Video ndiyo mlaji mkuu. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kufika GB 3, na ya 4K GB 7.

Kwenye nyumba yenye ruta, mlaji asiyeshukiwa ni kamera ya ulinzi. Kamera inayopandisha picha kwenye wingu kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, mchana na usiku, hutumia GB 10.8 kwa siku. Zikiwa tatu, mwezi wa siku 30 umekula GB 972 na hakuna mtu aliyeangalia hata filamu moja. Kompyuta za Windows 10 na 11 nazo zina kipengele kinachoweza kuzigawia kompyuta za watu wengine masasisho kupitia intaneti yako. Kizime, na uiambie Windows kwamba muunganisho wako ni wa kulipia kwa kiasi (metered connection).

Ingia pia kwenye ukurasa wa ruta (anwani yake kwa kawaida imeandikwa chini ya kifaa chenyewe, mfano 192.168.1.1) uone orodha ya vilivyounganishwa. Lakini usimkimbilie jirani na ugomvi. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujipa namba ya utambulisho ya kubuni kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo simu ileile ya mwanao inaweza kuonekana kama vifaa viwili. Ukiwa na shaka, badilisha nywila, kisha uunganishe kimoja kimoja.

Jaribio la kumaliza ubishi ni hili. Usiku zima data kabisa na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu salio hukatwa kwa mafungu, si baiti kwa baiti. Kisha piga picha ya salio. Asubuhi, kabla ya kuwasha, piga nyingine. Salio likiwa limepungua wakati data imezimwa, hapo una hoja. Lisipopungua, rudi kwenye orodha ya programu.

Kwa Tanzania kuna jambo la kujua: kanuni ndogo za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, za mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapoisha. Kama jumbe hizo hazikufikii kamwe, andika tarehe.

Hesabu ya simu na ya mtoa huduma hazilingani

Tofauti ndogo ni ya kawaida. Mmoja anahesabu GB kuwa MB 1,000, mwingine MB 1,024. Tofauti hiyo ikijirudia kwenye kila ngazi, kuanzia KB na MB mpaka GB, inafika karibu asilimia 7. Pakiti, yaani vipande vya data, zilizopotea na kutumwa upya zinaweza kuhesabiwa upande mmoja tu. Kaunta ya ruta nyingi hurudi sifuri umeme ukikatika, kwa hiyo ushahidi wake ni dhaifu kwa nyumba nyingi za kwetu. Tofauti ya asilimia 30 kila wiki, hiyo si ya kawaida, na uilalamikie.

Kasi inashuka

Kwanza hakikisha hulinganishi vitu viwili tofauti. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kinapakua megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Malalamiko mengi ya faiba yanaishia hapa. Mengine yanaishia kwenye ukuta wa zege kati ya ruta na chumba cha kulala, kwa hiyo pima kwa waya.

Pima saa kumi na moja alfajiri, upime tena saa tatu usiku. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, ni msongamano: mtoa huduma ameuza zaidi ya alichonacho. Inaudhi, lakini hakuna anayekufuatilia wewe.

Kasi ikishuka siku fulani ya mwezi na kubaki chini alfajiri na usiku sawasawa, mpaka malipo mapya yanapoingia, umegonga kikomo cha matumizi ya haki, kile ambacho wengi wanakiita FUP. Hapa ndipo kuhesabu kunapogeuka adhabu, na si jambo la siri, kwa kuwa kikomo kinatakiwa kiwepo kwenye masharti uliyoyakubali. Tatizo ni neno "bila kikomo" kwenye bango na kikomo kwenye ukurasa wa tisa. Marekani, AT&T ilishtakiwa na tume ya biashara ya nchi hiyo mwaka 2014 kwa jambo hilihili: wateja wa vifurushi visivyo na kikomo walipunguziwa kasi baada ya matumizi yanayoweza kuwa GB 2 tu kwa mwezi. Kesi iliisha mwaka 2019 kwa dola milioni 60. Kosa halikuwa kuhesabu. Kosa lilikuwa kutowaambia wateja.

Kasi ikianguka ghafla mchana kweupe, uliza kwanza majirani wenye mitandao mingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikakaa ikiangalia duara linazunguka. Siku kama hizo kuna mambo ya ajabu: baadhi ya video zinaweza kucheza vizuri ilhali tovuti ndogo ya nje haifunguki. Makampuni makubwa huweka nakala za maudhui yao karibu, na data ya ndani hubadilishana kwenye vituo kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam bila kupita baharini. Ndiyo maana pia jaribio la kasi linaweza kukupa namba nzuri ya uongo, kwa kuwa seva linayoipima huenda iko ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako mwenyewe. Chagua seva ya nje ya nchi, upime tena.

Kila kitu kinakwenda, isipokuwa programu moja

Hii ndiyo dalili ya kuchukulia kwa uzito, maana ili programu moja ibanwe, lazima kuna mtambo ulioitambua kwanza.

Kisa cha kukumbuka ni cha Comcast ya Marekani. Mwaka 2007 mtaalamu wa mitandao Robb Topolski alikuwa akijaribu kugawa nyimbo za zamani za mtindo wa barbershop kwa BitTorrent, njia ya watumiaji kugawana mafaili wao kwa wao, na miunganisho yake ikawa inakatika. Alipokagua pakiti, aligundua kuna ujumbe wa "kata mawasiliano" ambao hakuutuma yeye wala mtu wa upande wa pili. Shirika la habari la AP likarudia jaribio kwa kutumia Biblia ya King James, na yenyewe ikabanwa. Kwa hiyo maudhui hayakuwa shida; mtambo ulitambua njia ya kusafirishia, ukaikata. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaiamuru Comcast iache mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema FCC haikuwa na mamlaka hayo.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha. Pima kasi kwa kipimo cha kawaida, kisha kwa fast.com, ambacho ni cha Netflix na hutumia seva za Netflix. Cha kwanza kikitoa megabiti 20 na cha pili 2, kila unapojaribu, video inabanwa au njia ya kwenda huko ni mbaya. Ili kutenganisha hayo mawili, weka Wehe kwenye simu. Ni programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Boston, na mamlaka ya Ufaransa, Arcep, nayo inaitumia. Inatuma mawasiliano yanayofanana na ya programu halisi, kisha inayatuma tena yakiwa yamevurugwa yasitambulike. Yaliyovurugwa yakikimbia na yasiyovurugwa yakasota, umepata jibu lenye nguvu kuliko picha mia za skrini. Lirudie kwa nyakati tofauti kabla ya kusema lolote, na ujue linakula data.

VPN, programu inayopitisha data yako ikiwa imefungwa kupitia seva ya mtu mwingine, nayo hutumika kama kipimo: ukiiwasha na programu iliyokuwa inasota ikaamka, kuna dalili ya kubanwa. Lakini si uthibitisho, kwa sababu VPN hubadilisha pia njia ya data, na njia mpya inaweza kuwa fupi kwa bahati tu. Msomaji wa Tanzania akumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kuwa wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwa mamlaka hiyo. Soma masharti yanayokuhusu kabla ya kuitumia.

Sasa, kuna watu wanatafuta ushahidi wa kuchunguliwa kwa darubini wakati umeandikwa kwenye menyu ya simu yao. Kifurushi cha "mitandao ya kijamii pekee" kinawezekanaje? Mtandao lazima utambue, sekunde kwa sekunde, kwamba data hii ni ya WhatsApp na ile ni ya kivinjari. Hausomi ujumbe, maana WhatsApp imefungwa kwa usimbaji tangu kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji, lakini unajua ni WhatsApp, unajua saa, unajua ukubwa. Tunanunua upembuzi huo wenyewe, kwa kuwa ni bei rahisi. Mimi sioni aibu kuununua. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mitambo ya kupembua haipo.

Uganda ilionyesha hilo kwa nchi nzima. Kuanzia Julai 2018 kila aliyetaka Facebook, WhatsApp au Twitter alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na makampuni ya simu yalizifunga programu hizo mpaka mteja alipe. Watu wakahamia VPN. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kodi ya kwanza ilihitaji kupembua. Ya pili inahitaji kuhesabu tu.

Kutokana na hayo kuna tatizo dogo linalowasumbua wengi: una bando la mitandao ya kijamii, unawasha VPN, na salio la kawaida linaliwa. Hujaibiwa. Ndani ya VPN mtambo hauoni WhatsApp tena, unaona data isiyo na jina, na data isiyo na jina haimo kwenye kifurushi hicho. Kufungua kiungo ndani ya programu ya kijamii nako kunaweza kukutoa nje ya bando.

Matangazo yananifuata

Umetafuta bei ya friji, na kesho yake friji ziko kila ukurasa. Mshtakiwa wa kwanza asiwe mtoa huduma. Tovuti na programu zenyewe zina vifuatiliaji vya makampuni ya matangazo, na zinakujua hata ukihama kutoka laini moja kwenda nyingine. Hilo ndilo jaribio: badilisha mtandao, tumia akaunti na kivinjari kilekile. Friji zikiendelea, chanzo ni akaunti na vidakuzi (cookies).

Hata hivyo watoa huduma wamewahi kukamatwa. Verizon ya Marekani ilikuwa ikibandika kwa siri namba ya kumtambulisha mteja kwenye maombi ya kurasa yaliyotoka kwenye simu zake, na kufuta vidakuzi hakukusaidia kwa sababu namba iliongezwa njiani, simu ikiwa haina habari. Watafiti waliianika mwaka 2014, na mwaka 2016 kampuni ikalipa dola milioni 1.35. Uingereza, BT ilijaribu mfumo wa matangazo wa Phorm kwa wateja wake mwaka 2006 na 2007 bila kuwaambia. Mbinu hizo zilistawi kwenye kurasa za http za zamani. Ukurasa wa https, ambao data yake husafiri ikiwa imefungwa, hauruhusu mtu wa njiani kubandika kitu. Weka kivinjari chako kikatae kurasa zisizo za https, au angalau kikuulize kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, ukurasa wa "kifurushi chako kimeisha" unaojitokeza badala ya tovuti uliyoitaka huja zaidi kwenye kurasa za http. Mtoa huduma ameingia katikati, na hapo kwa nia ya kukuarifu. Ukikutaka uweke namba ya siri ya pesa za simu, ufunge.

Google inaniuliza kama mimi ni roboti

Hili huogopesha bure. Anwani za IP za toleo la zamani, IPv4, ni chache, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Angalia anwani ambayo ruta au simu yako imepewa upande wa intaneti: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umo kwenye kundi. Mmoja wenu akifanya fujo, wote mnaulizwa. Kwa faragha lina sura mbili: tovuti hazikutofautishi kirahisi na wenzako, lakini ili kumtambua mteja akiulizwa na vyombo vya sheria, mtoa huduma hulazimika kutunza kumbukumbu za nani alikuwa kwenye anwani hiyo, dakika ipi.

Ruta imebadilika yenyewe

Nywila imerudi ya zamani, jina la Wi-Fi ni jipya, au DNS uliyoweka (huduma inayotafuta anwani za tovuti) haipo. Ruta uliyopewa na mtoa huduma kwa kawaida ina njia ya kusimamiwa kwa mbali iitwayo TR-069, iliyotoka mwaka 2004. Kwa njia hiyo wanaweza kusasisha programu yake, kusoma hali yake na kubadilisha mipangilio. Wakati fundi wa simu anapokuambia "naona una vifaa kumi na moja", hajabahatisha. Ukitaka orodha ya vifaa vyako ibaki yako, nunua ruta yako mwenyewe, iunganishe nyuma ya yao, na uzime Wi-Fi ya yao. Wataona kifaa kimoja.

Nipunguze nini, na kwa gharama gani

Ukiwa kwenye https, mtoa huduma haoni ukurasa unaosoma, wala nywila, wala ujumbe. Anaona majina ya tovuti kupitia njia mbili: maswali ya DNS, yaani pale simu inapouliza anwani ya jina fulani, na salamu ya kwanza ya muunganisho, ambapo mara nyingi jina hutajwa wazi. Kujua kwamba saa nane usiku ulifungua tovuti ya kliniki ya ugumba kunatosha kusema mengi, hata kama ukurasa haukuonekana.

DNS ndiyo rahisi kufunga. Android 9 na kuendelea ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Weka jina la huduma unayoiamini, kwa mfano dns.quad9.net. Baada ya hapo maswali hayo yanasafiri yakiwa yamefungwa. Salamu ya kwanza inabaki, na kiasi cha data kinabaki. Intaneti isipofunguka kabisa baada ya kuweka, au ukurasa wa kuingia wa Wi-Fi ya hoteli ukikataa kutokea, rudisha "otomatiki", ingia, kisha weka tena.

VPN huficha majina yote kwa mtoa huduma na kumkabidhi mwenye VPN. Ya bure iogope. Onavo, VPN iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilikuwa ikikusanya habari za programu ambazo watumiaji wake wanatumia. Ilifungwa mwaka 2019. Hola nayo ilibainika mwaka 2015 kuwa inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure kwa wateja wengine, yaani bando lako linaliwa na mtu usiyemjua. Ukirudi kwenye tatizo la kwanza la mwongozo huu na hukuona mlaji, angalia kama umeweka kitu cha aina hiyo.

Kupeleka lalamiko

Kama ni la kuhesabu, peleka picha za salio zenye saa, matokeo ya kipimo cha waya cha alfajiri na usiku, na jina kamili la kifurushi. Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Asipotatua, Tanzania nenda TCRA, Kenya nenda Mamlaka ya Mawasiliano.

Kama ni la faragha, mlango ni mwingine. Omba kwa maandishi nakala ya taarifa binafsi walizo nazo juu yako: aina gani, kwa sababu gani, wanazitunza muda gani, wamempa nani. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo, na Kamishna wa Data anatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake. Uganda ina sheria ya 2019, Rwanda ya 2021. Usiandike "mnanichunguza". Andika: "Mnatunza kumbukumbu za DNS za laini yangu? Kwa muda gani? Je, mnapembua data kwa programu, na matokeo ya upembuzi yanahifadhiwa kwa jina langu?" Maswali hayo dawati la huduma kwa wateja haliwezi kuyajibu, kwa hiyo elekeza barua kwa afisa wao wa ulinzi wa data na ubaki na nakala yenye tarehe.